Turudishieni pesa ya chupa

Jikoni kwangu hapa Leipzig, Ujerumani, kuna ndoo nne: ya maganda na mabaki ya chakula, ya karatasi, ya plastiki na makopo, na kadogo ka taka zisizofaa tena kwa lolote. Chupa za vioo nazibeba mwenyewe hadi kwenye makontena ya mtaani, nyeupe kwake, kahawia kwake, kijani kwake. Jumapili hairuhusiwi, kelele.

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga maganda ya ndizi kwenye mfuko wa nailoni, vizuri kabisa kama mama alivyonilea, nikautumbukiza kwenye pipa la kahawia la nje, la mabaki ya chakula. Gari la taka likapita, pipa likaachwa limejaa, limebandikwa kikaratasi. Bibi mmoja jirani yangu akanishika mkono hadi pipani, akaufungua ule mfuko, akamwaga maganda ndani, mfuko akanirudishia. Maganda yale yanakwenda kuwa mbolea, na mkulima gani anataka mbolea yenye vipande vya nailoni?

Nikiwasimulia watu wa nyumbani huniambia, "Wenzetu wastaarabu." Sikubaliani nao. Wajerumani wamewekewa utaratibu unaogusa mfuko. Tangu 2003, ukinunua maji au soda ya chupa ya plastiki ya kutumika mara moja unalipa senti 25 juu ya bei. Ukimaliza, unaitumbukiza chupa kwenye mashine dukani, inasoma alama, inaiponda, inakupa risiti ya kudai senti zako. Ndiyo maana hukuti chupa zimezagaa. Asiyetaka kurudi dukani huiacha chini, pembeni ya pipa, ili mwenye shida aichukue bila kuchakura. Na wenye viwanda nao wanabanwa: sheria ya 1991 iliwatwika gharama za kukusanya vifungashio vyao.

Jamani, hili la chupa sisi tulikuwa nalo! Nimekulia Temeke, Dar es Salaam. Ukitumwa soda dukani kwa Mangi bila chupa tupu, unaacha pesa ya chupa au unainywa pale pale umesimama. Hakuna mtoto aliyevunja chupa akalala salama. Hatukuhitaji semina ya mazingira. Kisha zikaja za plastiki, ile pesa ikaondoka, na leo chupa ndizo zinazoziba mitaro yetu mvua ikinyesha.

Wala nisiambiwe Watanzania hatubadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, tukarudi sokoni na vikapu. Serikali ikitaka, pesa ya chupa inarudi, na viwanda vitoe fungu lao.

Wanaotubeba kwa sasa ni waokota chupa, vijana na kina mama wenye viroba mgongoni, wanaouza kwa kilo. Kinachoniuma ni namna tunavyowapa kazi hiyo. Wali uliochacha, pempasi, viwembe na chupa, vyote kiroba kimoja, halafu mtu aingize mkono mtupu.

Mwaka jana nilimwomba mdogo wangu wa Mbagala atundike kiroba cha pili nyuma ya mlango, cha chupa na makopo tu. Alinicheka: "Dada, umeshakuwa Mjerumani." Lakini alikitundika. Sasa kijana wa chupa akipita Jumamosi anabisha hodi, anapewa kiroba kikavu, anarudisha kitupu. Majirani wawili nao wameanza kumwekea.