Hakuna Jambazi Aliyenivua Suruali

Kwa kuwa rafiki niliyesafiri naye ameshawasimulia watu wa Soko la Majengo kwamba majambazi walinivua suruali nchini Kongo, na kwa kuwa tangu juzi nimepewa pole nyingi kuliko siku nilipofiwa na babu, naona nieleze mwenyewe. Sikuvuliwa. Nilivua kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu, na kwa sababu za kiusalama.

Mnaonifuata hapa mnakumbuka nilivyowahubiria kabla ya safari. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wafanyabiashara wanaokwenda nchi zenye hatari, na daftari langu lilikuwa limejaa: acha nakala ya pasi nyumbani, panda teksi iliyoitwa na hoteli, usipige picha askari wala daraja, beba pochi ya bandia yenye vijisenti vya kumridhisha mwizi, na fedha zenyewe uzifiche mwilini. Mke wangu, ambaye tangu aliposikia Goma imetekwa Januari 2025 hataki kuamini kwamba Lubumbashi, nilikokuwa nakwenda, iko mbali nayo zaidi ya kilomita 1,000, aliniruhusu kwa sharti moja, kwamba Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, anishonee mfuko wa siri ndani ya bukta.

Dola 1,800 za kulipia ghala la mafuta ya alizeti nilizichagua mwenyewe dirishani benki, noti mpya za mia mia zisizo na mkunjo, maana wazoefu walikwisha kunionya kwamba Kongo noti ya dola yenye mchaniko wa ukubwa wa punje ya mtama hukataliwa. Nikamwachia Shangazi bukta na fedha, nikaenda stendi ya Nanenane kukata tiketi. Niliporudi, mfuko ulikuwa umeshonwa pande zote nne, fedha zikiwa ndani. "Baba, huo hata simba hafumui," aliniambia, huku sindano namba 18, ile ya kushonea jinzi, ikiwa bado kwenye cherehani. Nikamshukuru sana. Naomba sindano hiyo msiisahau.

Safari ilikuwa shwari hata ikanichosha. Tulipita Tunduma, tukaikata Zambia, tukakaa nyuma ya malori ya shaba Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, ambako kadi ya chanjo ya homa ya manjano iliulizwa kabla ya salamu. Hakuna aliyetugusa. Pochi ya bandia nimerudi nayo, na vijisenti vyake vyote.

Sasa mkae vizuri. Ofisini kwa mwenye ghala, mama wa makamo aliyetulia kama hakimu, umeme ulikuwa umekatika. Choo kilikuwa uani, katikati ya wapakiaji kama kumi, na semina ilikataza kuonyesha fedha mbele ya watu. Kwa hiyo niliomba radhi, nikaenda nyuma ya rundo la magunia kwenye kona yenye giza, nikafungua mkanda. Suruali ikashuka. Nikavuta uzi, haukukatika. Nikauma uzi, yaani niliinama hadi paji la uso likagusa goti, nikauma, haukukatika. Ikabidi nimwombe rafiki yangu kisu. Karani akampa kile cha kufungulia magunia, rafiki akaja nacho mkono mmoja na tochi ya simu mkono wa pili, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kukata kwa uangalifu mkubwa, huku nikimsihi kwa sauti, "Taratibu, ndugu yangu, taratibu, usije ukanijeruhi."

Ndipo umeme uliporudi.

Taa ilikuwa juu ya kona ileile. Wapakiaji wawili walikuwa wameingia na gunia. Walilitua polepole, kwa heshima, kama watu waliokuta msiba. Mama hakusema neno. Nilifunga mkanda nikikosa tundu mara tatu, nikaenda mezani, nikamkabidhi zile noti zikiwa bado na joto. Akaichukua ya kwanza kwa ncha za vidole viwili, akaiinua kwenye taa, na mwanga ukapenya kwenye mstari wa matundu yaliyopangwa sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Akainua ya pili. Ya tatu. Cherehani ilikuwa imepita mara mbili kwenye noti zote kumi na nane.

"Papa," akasema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho fedha huitwa makuta, "hii ni makuta ao ni chujio? Haitembee."

Yaliyofuata ni mafupi. Noti zilichukuliwa na wabadilisha fedha wa barabarani, watu ambao semina ilitukataza hata kuwasogelea, kwa punguzo ambalo mke wangu hajatajiwa na ninyi msimtajie. Pengo alilijaza rafiki yangu, naye ndiyo maana anajiona ana haki ya kusimulia.

Jana nilikwenda kumsalimia Shangazi. Habari alikuwa nazo zote za Majengo, lakini aliniuliza jambo moja tu, kama mshono ulifumuka. Nikamjibu ukweli kwamba haukufumuka.