Italia Kukaa Kunalipiwa

Watu wanasema Ulaya ni ghali, lakini hawafafanui. Kutembea Ulaya ni bure. Kusimama ni bure kabisa. Ghali ni kukaa. Weka makalio yako popote kule Italia, iwe kitini, ngazini au chooni, na hapo hapo atatokea mtu ameshika mashine ya kadi.

Mpwa wangu anasoma Padova, huko huko Italia. Ndiye aliyenipigia simu: "Shikamoo Mjomba, njoo tuzunguke, shanta mgongoni, kwa bei ya kutupwa." Nikajua shanta ni ya kubebea nguo. Kumbe vijana wameigeuza dini, ina miiko, na mwiko wa kwanza ni huu: "Mjomba, usikae!"

Tena kabla hujasimama popote umeshatoka damu. Viza ya Schengen, ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 tangu Juni 2024, na wakikunyima hawakurudishii hata senti. Bima ya afya iwe ya kufikia yuro 30,000, maana yake nikiteguka mguu kule, mguu mmoja una thamani kuliko nyumba yangu yote ya Mbagala na kiwanja chake. Halafu taarifa ya benki. Uwathibitishie kwanza kwamba una pesa za kutosha, ndipo wakuruhusu kwenda kuishi kama huna.

Haya, Roma. Asubuhi ya kwanza tunaingia kunywa kahawa. Nikavuta kiti. Mpwa akanishika mkono kama nimegusa waya wa umeme. Akanionyesha ukutani: bei zina safu mbili, ya kaunta na ya mezani. Kaunta, umesimama, ni yuro 1 na senti kidogo. Kikombe kile kile ukikibeba hatua tatu mpaka mezani, bei inapanda mara mbili, na karibu na vivutio vya watalii inapanda mpaka unasahau kama ulitaka kahawa au ulitaka kununua meza. Kahawa haijaongezwa sukari, haijaongezwa chochote. Kilichoongezeka ni wewe kukunja magoti. Mzee wa kahawa wa Kariakoo ana benchi lake hapo, unalikalia mpaka jioni, unabishana Simba na Yanga hadi povu likutoke, na unachodaiwa ni vikombe na kashata basi. Hajawahi kumtoza mtu makalio.

Nikasema sawa, nitakaa nje, Mungu ameumba ardhi. Tukaenda Piazza di Spagna, pale penye ngazi 135 maarufu. Ngazi pana, safi, zimekaa kimtego kabisa. Watu walizikalia tangu karne ya 18, ila tangu 2019 ni marufuku, na faini inaweza kufika yuro 400. Mimi niliinama tu kufunga kamba ya kiatu. Filimbi ikalia. Nikanyanyuka, kamba ikabaki inaburuza hadi mtaa wa tatu.

Maji sina ugomvi nayo, haki yao niwape. Roma ina mabomba ya barabarani zaidi ya 2,000, maji baridi yanatiririka usiku na mchana, hulipi. Mpwa alikuwa ananijazia chupa kila kona kwa furaha ya mtu aliyegundua kisima cha mafuta. Lakini maji yakiingia yanatafuta pa kutokea, na choo cha stesheni kuu ni yuro 1. Dawa yake mpwa anayo: ingia mgahawani, kunywa kahawa kaunta, choo unapewa bila malipo. Sasa kahawa nayo inasukuma. Basi Roma tuliizunguka hivyo, bomba, kahawa, choo, bomba, kahawa, choo, na katikati hapo tukaiona Colosseum.

Colosseum yenyewe tuliipata bure, maana Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali Italia hayatozi kiingilio. Foleni iliyokuwepo sitaki kuizungumzia, magoti yangu bado yana kesi na mpwa. Nilijifariji kwamba uwanja uliojengwa kuingiza watu kama 50,000 hauwezi kukosa pa kukaa. Tukaingia. Viti viko wapi? Vilishang'olewa karne na karne, mawe yake yakaenda kujengea majumba ya wakubwa na makanisa. Nikazunguka jengo zima kubwa namna ile nikitafuta jiwe moja lisilozungushiwa kamba. Waroma wa kale walikaa bure humo, tena wakigawiwa na mikate. Sisi tumekuja wamemaliza.

Usije ukaniambia angalau usiku tulikaa. Hosteli mpwa alichagua kitanda cha juu cha dabo deka, nafuu. Kitanda cha juu hukai. Unalala au unagonga dari.

Tukapanda treni kwenda Venezia. Huko wameona kiti pekee hakitoshi, wakaweka bei kwenye mji mzima. Mwaka 2025, kwa siku walizozichagua wao, mgeni wa kutwa alilipa yuro 5 kuingia mjini, na ukichelewa kuweka nafasi ni yuro 10. Mpwa, kwa kuwa ni mkazi wa Veneto, mkoa wenye Padova na Venezia, hadaiwi. Anayedaiwa ni mimi niliyemlipia ada ya shule ya msingi. Ila malipo yanahesabiwa kuanzia saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 10 jioni, kwa hiyo mpwa akaamua tungoje ndani ya stesheni mpaka saa 10 ipite. Tuliingojaje? Tumesimama.

Mgahawani huko kuna kitu kinaitwa coperto: yuro 2 au 3 kwa kichwa, kabla hujagusa hata uma, kwa kosa la kukaa. Tukala kipande cha pizza tunatembea, maana kula umekaa chini uwanja wa San Marco nako ni faini. Na pale San Marco migahawa ina bendi, vinanda na fidla, wapigaji wamevaa suti. Aliyekaa anaongezewa muziki kwenye bili. Aliyesimama pembeni anasikia wimbo ule ule bila kulipa. Yaani sikio linaingia bure, makalio ndiyo yanakatiwa tiketi.

Gondola ya watalii, ule mtumbwi wa Venezia, mchana, nusu saa, ni yuro 90. Bei ya viza! Nilipomwangalia mpwa, alikuwa ameshageuka ananivuta kwenda upande wa pili, kwenye gondola ya kuvushia watu Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, yuro 2 tu. Wenyeji huvuka humo wamesimama wima, wengine wanasoma gazeti. Mpwa akasimama nao, amejaa sifa.

Mimi nikakaa.

"Mjomba, simama! Wenyeji wote wanasimama!"

"Wenyeji magoti yao hayajatoka Colosseum."

Mpiga kasia akanitazama, akanyamaza. Hakuna mashine ya kadi, hakuna filimbi. Baada ya dakika mbili tumefika ng'ambo, watu wanashuka, mpwa naye kashuka na mashanta yote mawili. Mimi nikatoa yuro 2 nyingine. Kwa ile 90 ya watalii nina uwezo wa kuvuka mara 45, na zote nimekaa.

"Mjomba, treni!" anapiga kelele kule gatini.

Nikampungia mkono, maana tulikuwa tumeshaanza kurudi tulikotoka.