Bendeji au tuisheni ya Jumamosi?

Mpwa wangu, kidato cha pili, alileta fomu nyumbani kwao Tabata: mzazi asaini ili mtoto ajiunge na kikundi cha huduma ya kwanza na uuguzi shuleni, mazoezi kila Jumamosi asubuhi. Shemeji akaisoma, akaiweka chini ya rimoti, ikalala hapo siku nne. Hoja yake si ya kupuuzwa. Mwaka huu kuna mtihani wa taifa, na Jumamosi ni siku ya tuisheni ya hesabu.

Uingereza wana makadeti, yaani kikosi cha vijana, wa shirika la huduma ya kwanza la St John Ambulance tangu 1922. Kwetu kazi hiyo tunaijua zaidi kupitia Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, na skauti. Tatizo ni kwamba mzazi wa Dar huwaona watoto hawa kwenye sherehe tu, wamesimama juani wakisubiri mtu azimie. Lazima aulize: hivi wanajifunza nini?

Jibu langu ni kwamba wanajifunza kuacha mazoea yetu mabaya. Mtu akiungua na uji, sisi tunakimbilia dawa ya meno. Wa kifafa tunamtia kijiko mdomoni, na anayetokwa damu puani tunamwambia aangalie juu. Mtoto aliyefundishwa vizuri ataushika mkono ulioungua na kuuweka kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 (bomba likiwa kavu, na watu wa Tabata mnanielewa, ndoo na kopo vinatosha). Wa kifafa atamsogezea viti mbali asijigonge, halafu amlaze ubavu degedege likiisha. Wa pua atamwinamisha mbele na kuibana. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji hela.

Ila nenda Barabara ya Mandela siku bodaboda imegongwa. Wanaume wanne wanamnyanyua majeruhi mikono na miguu, shingo inaning'inia, anasukumiwa kwenye bajaji. Binti wa miaka 15 atawaambia "msimguse" nani amsikie? Na akisikilizwa, atashika damu ya mtu asiyemjua kwa mikono mitupu? Hapo shemeji ananishinda. Shule moja niliyowahi kuitembelea, sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na plasta tatu na mkasi wenye kutu, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyeko likizo. Kikundi cha namna hiyo kinampa mtoto ujasiri kabla ya ujuzi, na huo ni wa kuogopwa kuliko kutojua kabisa. Kufufua moyo ni kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hivi kwa mtu mzima. Hilo halinakiliwi ubaoni. Mikono ichoke juu ya mdoli wa mazoezi.

Kuna na ile ahadi ya "atakuwa nesi". Cheti cha kikundi hakimwingizi mtu chuo cha uuguzi. Wanaangalia matokeo, Biolojia na Kemia zikiwemo. Kwa hiyo tuisheni ina haki yake. Faida ninayoiona ni nyingine: mtoto anagundua mapema kama damu inamtia kizunguzungu, kabla wazazi hawajauza kiwanja kulipa ada.

Nikamwambia shemeji asaini, lakini kwanza ampigie mwalimu mlezi, aulize mambo mawili: nani anawafundisha, na glavu zipo? Mkufunzi yupo, amesomea kazi hiyo, na mdoli huja naye. Glavu "ziko kwenye bajeti".

Fomu ikasainiwa Ijumaa usiku. Boksi la glavu tumelinunua duka la dawa la jirani, na tuisheni imehamia Jumapili alasiri, jambo ambalo binti mwenyewe hajalifurahia hata kidogo.