Kuitika mwaliko au kuukataa: Waislamu wa Marekani, Ikulu na vita vya Gaza

Tarehe 2 Aprili 2024, katikati ya Ramadhani, daktari wa wagonjwa wa dharura kutoka Chicago aliingia Ikulu ya Marekani akiwa na barua. Ni Thaer Ahmad, Mmarekani mwenye asili ya Palestina, ambaye mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa akitibu majeruhi Khan Younis, kusini mwa Gaza. Zamu yake ya kusema ilipofika, alimkabidhi Rais Joe Biden ile barua, iliyoandikwa na mtoto yatima wa miaka 8 aliyekuwa Rafah. Kisha akasema kwamba kwa heshima ya jamii yake, analazimika kuondoka. Biden akamjibu kuwa anaelewa. Daktari akainuka, akatoka.

Futari ya Ikulu sisi wa Afrika Mashariki tunaijua: kanzu zilizopigwa pasi, tende, uji, hotuba ya amani na umoja, halafu picha ya pamoja. Marekani nayo ilikuwa na desturi yake ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Mwaka ule baadhi ya walioalikwa walisema wazi kwamba hawawezi kula na rais ilhali watu wa Gaza wanashinda na kulala njaa, tena mabomu yakiwa ya Marekani. Ikulu ikalazimika kubadili shughuli. Viongozi wachache wakaitwa kwenye kikao cha mazungumzo, na futari ikawa ya maofisa Waislamu wa serikali yenyewe.

Hata kikao hicho hakikuwaunganisha Waislamu. Wapo waliokataa kabisa kwenda, wapo waliokwenda na kukaa hadi mwisho. Kila upande una hoja ambayo haifai kupuuzwa.

Wanaokwenda husema rais hawezi kuyajua machungu ya watu asiowasikiliza. Ukisusa, kiti chako hakibaki kitupu. Atakikalia mwingine, na huenda asiseme neno. Wanaokataa hujibu kwamba serikali imekwisha kusikia, haikosi habari. Inachokitafuta ni picha ya masheikh waliotulia, ili kesho iseme, "Tumeshauriana na Waislamu."

Hofu hiyo si ya kubuni. Oktoba 2023 Keir Starmer, wakati huo kiongozi wa upinzani Uingereza, alitembelea kituo cha Kiislamu mjini Cardiff. Baadaye aliweka mtandaoni picha pamoja na maelezo yake juu ya aliyoyasema pale. Viongozi wa kituo walitoa taarifa kwamba maelezo yale yamewawakilisha vibaya waumini na yamepotosha maana ya ziara yenyewe, wakawaomba radhi watu wao kwa maumivu yaliyosababishwa. Hebu fikiria: umemfungulia mgeni mlango kwa nia njema, na jioni yake unaulizwa na majirani umewauza kwa bei gani.

Ndiyo maana mfano unaonifundisha zaidi ni wa Dearborn, mji wa kiwanda cha Ford jimboni Michigan, ambako zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Kiarabu. Januari 2024 meneja wa kampeni ya Biden alikwenda huko kutafuta mazungumzo. Meya Abdullah Hammoud alikataa kumwona. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wanazika ndugu zao, huu si wakati wa kuzungumza kura na watu wa kampeni, waje wenye mamlaka ya kubadili sera. Wiki mbili hazikupita, wakaja, akiwemo naibu mshauri wa usalama wa taifa, Jon Finer, ambaye alikiri mbele ya viongozi wa pale kwamba serikali ilifanya makosa katika namna ilivyoushughulikia mgogoro. Hammoud aliwakatalia wa kampeni, akawapokea wa sera. Kukataa kwake kulibadilisha aina ya mgeni. Kususa bila kudai mtu wala jambo mahsusi kusingeleta hata hilo.

Serikali nayo ina hoja yake. Nchi haiwezi kuendesha sera za nje kwa kuiridhisha jamii moja. Marekani ina raia Wayahudi ambao ndugu zao walikuwa miongoni mwa watu wapatao 1,200 waliouawa na Hamas na wenzao Oktoba 7, 2023, na miongoni mwa wale 251 waliotekwa. Nao walikuwa na haki ya kusikilizwa, na kiongozi wa Kiislamu asiyewataja hujipunguzia mwenyewe uzito. Lakini daktari hakuomba kukabidhiwa usukani. Marekani ina makubaliano ya kuipa Israel dola bilioni 38 za msaada wa kijeshi kwa miaka 10. Mlipa kodi akiuliza fedha yake imefanya nini, huyo ni raia anayetimiza wajibu wake.

Mwisho wa mvutano ule ulikuwa mchungu. Februari 2024, kwenye kura ya mchujo ya Democrats, chama cha Biden, jimboni Michigan, zaidi ya watu 100,000 waliweka alama ya kutomchagua mgombea yeyote. Novemba, kwenye uchaguzi wa rais, Donald Trump aliongoza Dearborn kwa takriban asilimia 42, naye Kamala Harris, makamu wa Biden aliyegombea badala yake, akapata 36. Februari 2025 Trump akatangaza kwamba Marekani itaichukua Gaza na wakazi wake wapelekwe kwingine. Siwezi kuwabeza waliopiga kura wakiwa wamefiwa. Ila nguvu waliyokuwa nayo ilikuwa na tarehe ya mwisho, nayo ilikuwa siku ya uchaguzi.

Ipo lawama moja ambayo sisi hatuna budi kuipokea: mbona Sudan hatuipazii sauti kama Gaza? Tangu Aprili 2023 Waislamu wanauana huko, na mamilioni wamekimbia makwao. Mmarekani anaweza kujibu kwamba serikali yake haiwapi silaha RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan. Wengi wanaitaja Falme za Kiarabu kuwa ndiyo inayowapa, nayo inakanusha. Jibu hilo la Mmarekani sisi wa Afrika Mashariki hatuna. Februari 2025 RSF na washirika wao walikaribishwa Nairobi, wakatia saini hati ya kuunda serikali yao sambamba. Serikali ya Sudan ikamwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Kenya. Serikali ya Kenya ilijitetea kwamba inatoa jukwaa la kutafuta amani, na hoja hiyo nayo inastahili kupimwa. Lakini ipimwe mbele ya viongozi wa serikali hiyo, na watu wenye barua mkononi, kwa sababu Ikulu inayohusika safari hii haiko Washington.