Mwenye kisukari asipokuja kupima macho, tumlaumu nani?

Kampeni za kisukari huwa na ujumbe uleule: pima macho walau mara moja kwa mwaka, kaguliwa miguu, pima figo, usisubiri dalili. Na kila mwaka wengi wanaoambiwa hivyo hawaji. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema wito haujatosha, uongezwe, na ikibidi watu watishwe kidogo. Wapo pia wanaosema tuache kuwasukuma wagonjwa, kwa kuwa kasoro iko kwenye huduma wanayoitiwa. Mimi niko upande wa kuhamasisha, tena kwa nguvu. Lakini kadiri ninavyozipima hoja za upande wa pili ndivyo ninavyoona kwamba nyingi ni za kweli, na tukizipuuza hamasa yetu itaendelea kuwafikia walewale ambao wangekuja hata bila kuitwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hudhoofika kuta zake. Hutokeza vivimbe vidogo, huvujisha maji na damu, na mingine huziba kabisa. Retina ikikosa oksijeni hutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya kuota, nayo hiyo mipya ni dhaifu na hupasuka kirahisi. Ukiitazama picha ya retina ya mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza kuathirika, utaona uwanda wa rangi ya chungwa na, hapa na pale, vitone vyekundu visivyozidi ncha ya sindano. Basi. Mwenye jicho hilo anasoma maandishi madogo bila shida na haumwi popote. Anaweza hata kufika hatua ya hatari akiwa bado anaona vizuri, maana uharibifu unaweza kuenea pembeni mwa retina bila kugusa ile sehemu ya katikati tunayotumia kusoma na kutambua nyuso. Siku anapoanza kuona vitu vyeusi vikielea, mara nyingi damu imeshamwagika ndani ya jicho.

Kwa hiyo lile jibu ambalo kila mhudumu wa kliniki ya kisukari amelisikia, "mbona naona vizuri," halina uzito wowote kitabibu, ingawa kwa anayelisema lina mantiki kamili. Maisha yake yote amefundishwa kwamba hospitali ni pa kwenda ukiumwa. Jibu la pili, "nilishapima macho nilipochukua miwani," ni la hatari zaidi, kwa sababu aliyelitoa anaamini amemaliza kazi. Kupima uwezo wa kusoma herufi ubaoni ni jambo moja, na kuchungulia retina ni jingine kabisa. Mtu anaweza kusoma hadi mstari wa mwisho huku retina yake ikivuja.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye kisukari ana dalili fulani za ugonjwa huu kwenye retina, na kama mmoja kati ya kumi yuko katika hatua inayotishia uwezo wake wa kuona. Habari njema ni kwamba tiba ipo, na si ya jana. Tangu mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa mionzi ya leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa walio katika hatua ya juu ya ugonjwa. Baadaye zikaja sindano za dawa ndani ya jicho zinazozuia mishipa mipya kuota na kuvuja. Ila leza na sindano hufanya kazi nzuri zaidi ya kulinda kilichopo kuliko kurudisha kilichopotea. Muda ndio kila kitu, na muda huo hupatikana kwa kupima kabla ya dalili.

Nchi zilizofanya hivyo kwa mpango zimeona matunda. Iceland ilianza kuwachunguza macho kwa utaratibu wagonjwa wake wa kisukari mwaka 1980, na kiwango cha upofu miongoni mwao, kilichokuwa kama asilimia 2.4, kikashuka sana katika miaka iliyofuata. Uingereza ilianza mpango wake wa kitaifa mwaka 2003. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza katika angalau miaka 50, ugonjwa wa retina unaotokana na kisukari haukuwa tena chanzo kikuu cha upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi katika England na Wales. Walilihusisha badiliko hilo na uchunguzi wa macho pamoja na udhibiti bora wa sukari. Mimi sihitaji ushahidi zaidi ya huo kusema kwamba wito huu una thamani.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vigezo vya Wilson na Jungner kuhusu uchunguzi wa magonjwa kwa watu wasio na dalili, na mpaka leo ndivyo vinavyorejelewa. Kimoja kinadai kuwe na tiba inayokubalika kwa atakayekutwa na ugonjwa, kingine kwamba vifaa vya uchunguzi na tiba viwepo. Hoja ya wakosoaji inasimama hapo hapo: ni haki gani kumwita mtu, kumwambia jicho lake liko hatarini, kisha kumpa karatasi ya rufaa kwenda mahali asikoweza kufika, au kusubiri foleni ya miezi? Mtu huyo amepewa hofu tu. Na atawasimulia wenzake.

Hoja hii ilionekana waziwazi nchini Thailand, ambako mfumo wa akili bandia wa Google wa kusoma picha za retina ulijaribiwa katika kliniki halisi, na matokeo kuchapishwa mwaka 2020. Kwenye maabara mfumo huo ulikuwa hodari. Kwenye kliniki, picha zaidi ya moja kati ya tano zilikataliwa kwa kukosa ubora, nyingine kwa sababu tu chumba hakikuwa na giza la kutosha. Aliyekataliwa picha alitakiwa aende kwa mtaalamu siku nyingine, mahali pengine. Baadhi ya wauguzi wakaanza kuwakatisha tamaa wagonjwa wasishiriki, wakihofia kuwaingiza kwenye usumbufu usio na sababu. Siwezi kuwalaumu. Muuguzi anayemjua mgonjwa wake anajua pia gharama ya safari ya pili.

Hata hivyo sikubaliani na hitimisho ambalo wengine hulitoa hapo, kwamba basi tungoje mpaka huduma ikamilike. Hata pasipokuwa na leza karibu, mtu aliyeonyeshwa kuwa retina yake imeanza kuguswa bado ana la kufanya. Utafiti wa DCCT, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi insulini ya kutosha kuishi bila sindano zake, ambao macho yao hayakuwa na dalili, kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza hatari ya ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Utafiti mwingine, UKPDS wa Uingereza, mwaka 1998, ulionyesha kwa wenye aina ya pili, ile ya kawaida zaidi ambayo huwapata hasa watu wazima, kwamba kushusha shinikizo la damu kunapunguza kasi ya ugonjwa huohuo. Hizo ni dawa za kawaida za kliniki. Picha ya jicho huwa ni ushahidi unaoonekana, na nadhani hapa ndipo tunapoteza nafasi kubwa: mgonjwa hupigwa picha, mtaalamu huisoma peke yake, kisha mgonjwa huletewa neno moja, "sawa" au "rufaa." Aonyeshwe picha yake. Aelezwe kile kitone kimetoka wapi.

Suala la kutisha watu linanigusa zaidi. Ujumbe wa "njoo upime au utapofuka" una ukweli ndani yake, lakini unakosea kumdhania mtu. Wengi wasiokuja hawajapuuza, wanaogopa. Wanaogopa kusikia jambo baya, na wanaogopa kukaripiwa kwa sukari iliyopanda, hasa vijana, ambao katika tafiti nyingi ndio wanaokosa miadi zaidi kuliko wazee. Ukimwongezea hofu mtu ambaye hofu ndiyo imemzuia, unamsogeza mbali. Na kuna kero za kawaida kabisa ambazo hakuna bango linalozitaja: matone ya kupanua mboni huwasha kidogo, kisha kwa saa kadhaa mwanga unaumiza macho na maandishi ya karibu hayasomeki. Huwezi kuendesha gari. Kwa anayelipwa kwa siku, hiyo ni siku imekwenda. Anayeitwa anastahili kuambiwa hayo mapema, aje na miwani ya jua na mtu wa kumsindikiza.

Je, pesa ingesaidia? Jijini London walijaribu. Watu waliokuwa hawajahudhuria kwa miaka miwili au zaidi waligawanywa makundi: wengine walipata barua ya kawaida, wengine wakaahidiwa pauni 10 wakihudhuria, na wengine tiketi ya bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa walioahidiwa zawadi walijitokeza kwa uchache kuliko waliopata barua tupu. Mimi nasoma hapo kwamba mtu anayeogopa akiahidiwa malipo huanza kujiuliza kuna nini huko. Kwa upande mwingine, mapitio ya mwaka huohuo ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 66, yalikuta kwamba juhudi za kuongeza mahudhurio kwa ujumla huzaa matunda. Nyingi ni vitu visivyo na mbwembwe, kama vile kumkumbusha mgonjwa, kumwelimisha, na kumsaidia mhudumu wake akumbuke kuuliza.

Ndiyo maana napendelea vipimo vyote viwekwe siku moja. Miguu huchukua dakika chache: mhudumu hugusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki huku mgonjwa amefumba macho, na mgonjwa husema "ndiyo" kila anapouhisi. Akikaa kimya ilhali uzi umejikunja kwenye ngozi yake, tumejua mguu huo unaweza kupata kidonda bila yeye kujua. Kipimo cha mkojo hutafuta protini inayovuja kutoka kwenye figo, damu hutoa wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na presha hupimwa hapohapo. Figo na retina huharibika kwa njia zinazofanana, kwa hiyo kumwita mtu leo kwa jicho na mwezi ujao kwa figo ni kumchosha bure.

Lipo bado swali la "kila mwaka." Kwa wengi jibu la kipimo huwa safi, na wakosoaji wanauliza kwa nini warudi mapema hivyo wakati wataalamu ni wachache. Uingereza ilianza mwaka 2023 kuwapa muda wa miaka miwili wale ambao vipimo viwili mfululizo vimekuwa safi. Wapo wanaohofu kwamba kulegeza hivyo kutawafanya watu wadhani jambo si zito. Mimi naunga mkono, kwa masharti. Kumbukumbu za mgonjwa ziwe za kuaminika. Aliyegunduliwa kuwa na aina ya pili apimwe macho mara tu anapogunduliwa, kwa kuwa ugonjwa huenda umekuwepo miaka kadhaa bila kujulikana. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya ujauzito achunguzwe mapema katika miezi mitatu ya kwanza, maana mimba inaweza kuharakisha uharibifu wa retina. Na nafasi zitakazobaki wazi wapewe wale ambao majina yao yamekaa kwenye daftari miaka bila kuhudhuria: wapigiwe simu na mtu wanayemfahamu, waulizwe ni siku gani wanaweza, na kabla hawajafika pajulikane watapelekwa wapi iwapo picha itaonyesha tatizo.