Kabla ya Kushangilia Fizikia Mpya, Tuzimalize Hesabu za Nguvu Kali

Habari za fizikia ya chembe zinapotoka, macho huenda kwenye mitambo: handaki la CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, lenye mzunguko wa kilomita 27, sumaku zake, picha za migongano. Siibezi mitambo hiyo hata kidogo. Ila naona tunawapunja wale wanaokaa na kalamu na kompyuta wakikokotoa nguvu kali, ile inayozifunga kwaki, yaani chembe ndogo zinazounda protoni na nyutroni, zisitoke ndani yake. Pasipo kazi yao, mtambo unatoa namba ambayo hakuna cha kuilinganisha nayo.

Nguvu hii inamtesa mkokotoaji kuliko nyingine. Fotoni, zinazobeba nguvu ya sumakuumeme, hazina chaji, kwa hiyo hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Gluoni, zinazobeba nguvu kali, zina chaji ya aina yake, ambayo wanafizikia huiita rangi, basi zinazishika kwaki na zinashikana pia. Ukizivuta kwaki mbili zitengane, mvuto haulegei. Unabaki kama wa mpira ulionyooshwa, kwa kani inayokaribia uzito wa tani 16, hadi nishati iliyolimbikizwa izae kwaki nyingine. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuinasa kwaki ikiwa peke yake.

Mwaka 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha upande wa pili: kwaki zikikaribiana sana, nguvu hudhoofika. Hapo hesabu inawezekana hatua kwa hatua, na mwaka 2004 walitunukiwa Nobel. Kwenye masafa ya ukubwa wa protoni, hata hivyo, mbinu hiyo haifai kitu. Kenneth Wilson alileta njia nyingine mwaka 1974: igawe nafasi na wakati kuwa wavu wa nukta, kisha kompyuta ikokotoe juu ya nukta hizo. Ilipita zaidi ya miaka 30 ndipo kompyuta kuu zikaumudu mzigo huo, na mwaka 2008 tungamo la protoni likakokotolewa kutoka kwenye nadharia yenyewe, likitofautiana na kipimo kwa asilimia chache tu.

Kwangu hilo ni tukio kubwa, na linanisikitisha kwamba lilipita bila kelele. Tungamo la protoni ni elektronivolti (kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa tungamo) milioni 938 hivi, ilhali tungamo za kwaki zake tatu ukizijumlisha hazifiki milioni 10. Sehemu iliyobaki, yaani karibu yote, ni nishati ya kwaki zinazohangaika na gluoni zinazozizuia zisitoke. Tunaambiwa kila mara kwamba Higgs, chembe iliyogunduliwa CERN mwaka 2012, ndiyo inayovipa vitu tungamo. Kwa mwili wako, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye nguvu kali.

Mfano unaonifanya niandike haya ni muoni, chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi. Aprili 2021 maabara ya Fermilab, Marekani, ilitangaza kipimo cha usumaku wa chembe hiyo kilichopishana na makadirio ya nadharia, na dunia ikaanza kuzungumzia chembe zisizojulikana. Siku hiyohiyo kundi moja la wakokotoaji wa wavu lilichapisha hesabu yake ya mchango wa kwaki na gluoni katika usumaku huo, na pengo likapungua sana. Waliosikika ni wachache. Miaka ikapita, makundi mengine yakakokotoa kwa njia zao na kufika karibu na palepale. Mwaka 2025 wananadharia wakayaweka upya makadirio yao kwa kutegemea hesabu za wavu, na kipimo cha mwisho cha Fermilab kikaafikiana nayo.

Wapo wanaosema hiyo ni hasara, kwamba tumepoteza dalili ya fizikia mpya. Sikubaliani nao. Tumepata uelewa wa fizikia tuliyokuwa nayo, na dalili isiyohimili hesabu nzuri haikuwa dalili. Tena kazi haijaisha. Makadirio ya zamani yalitegemea vipimo vya migongano ya elektroni na pozitroni, pacha wake wenye chaji chanya, na mwaka 2023 jaribio la CMD-3 huko Novosibirsk, Urusi, lilipata matokeo yasiyolingana na yaliyolitangulia. Angalau kimoja kati ya vipimo hivyo kina kasoro mahali fulani. Kuitafuta kasoro hiyo hakutaleta chembe yenye jina jipya, lakini mimi ningempeleka huko mwanafunzi mwenye kipaji kabla sijampeleka kokote.