Mto Mirongo nimeuelewa nikiwa Ujerumani

Huu ni mwaka wangu wa pili nchini Ujerumani, nikisomea shahada ya uzamili katika usanifu wa mandhari, na kila ninapopiga simu nyumbani Mwanza naulizwa kama kweli nilivuka bahari kuja kujifunza kupanda maua. Swali hilo huniuma, kwa sababu zoezi letu la kwanza halikuwa na ua hata moja: tulitakiwa kulifuata tone la mvua kwa miguu, kutoka kwenye paa hadi mtoni, na kuchora kila lilikopita.

Nilipokuwa nikichora, nilikuwa nikiiona Mabatini. Nilikulia huko, hatua chache kutoka Mto Mirongo, na masika yalipokolea mama alipanga viroba vya mchanga mlangoni tangu jioni, nasi watoto tukalala juu ya meza huku maji yenye matope na taka yakipita chini yetu. Tuliulaumu mto. Sasa najua kuwa chanzo kilikuwa juu, kwenye vilima vilivyovuliwa miti, mabati yaliyosongamana na mitaro iliyoziba.

Huku, Mto Emscher uliopita kwenye eneo la migodi ya makaa ya mawe ulifanywa mfereji wa majitaka kwa takriban karne moja. Kazi ya kuurudishia uhai ilianza mwaka 1992, na kufikia mwisho wa 2021 majitaka yalikuwa yamehamishiwa kwenye mabomba ya chini ya ardhi. Gharama zilizidi euro bilioni 5, fedha ambazo sisi hatuna. Lakini uvumilivu wa kushikilia mpango mmoja kwa miaka 30 hauuzwi dukani, na huo tungeweza kuwa nao.

Hata hivyo, sikubaliani na Watanzania wenzangu wanaotaka Mwanza ivishwe nyasi za bustani za Ulaya, zinazodai kumwagiliwa kiangazi chote. Tuna mafunjo na matete yanayochuja maji kabla hayajaingia ziwani, tuna mawe ambayo ndiyo sura ya mji wetu, na Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Ngitili niliieleza mimi darasani, na maswali yalizidi muda wa kipindi.

Kwa hiyo anayekuja kusoma fani hii namsihi aje na ramani ya mtaa wake, na tasnifu aiandike juu ya mtaa huo. Yangu inahusu kingo za Mirongo, na kila baada ya mvua kubwa mama hunipimia kwa fimbo alama ya maji ukutani, kisha hunitumia picha.